Honi Katikati ya Wimbo

"Mabibi na mabwana, wanachama waheshimiwa, wapenzi wa Kinanda Kikuu cha Ukumbi wa Meridian," alitangaza Mwenyekiti Cuthbert Entwistle kutoka jukwaani, ameshika kola ya koti lake kama mtu anayepigwa picha ya kuwekwa kwenye noti, "leo tunafunga msimu wetu kwa heshima, utulivu na staha."

"Na honi," mtu akasema kutoka safu ya nyuma.

Ukumbi mzima ukacheka.

Mzee Wilf Sugden hakucheka. Alikuwa amesimama ndani ya chumba cha filimbi, ubavuni mwa jukwaa, akichungulia kupitia wavu wa mbao uliopakwa rangi ya dhahabu. Sauti zote za kinanda zilitoka humo: filimbi nene kama mabomba ya maji machafu, filimbi nyembamba kama penseli, ngoma, matoazi, kengele, na honi ya motokaa kuukuu iliyowekwa enzi za sinema bubu.

Honi hiyo ilikuwa imeaibisha watu msimu mzima. Kila tamasha, mpiga kinanda alipofika pale pa wimbo ambapo akina mama hutoa leso, ililia paaap. Mabingwa wanne walikuja na makoti yenye vifungo vya kung'aa, wakaondoka nyuso zimewaiva.

Ilikuwa na njia mbili tu za kulia. Ama mpiga kinanda akanyage kitufe kilicho chini ya mguu wake wa kulia, na kifuko cha ngozi huko chumbani kijikunje na kuiliza, ama mtu aliye chumbani aminye mpira wa honi kwa mkono. Mabingwa wote wanne waliapa kwa mama zao kwamba hawakukanyaga kitu.

"Basi tuing'oe," mjumbe mmoja alishauri kikaoni.

Nusura wamng'oe yeye. Honi ilikuja na kinanda kutoka kiwandani, na katika chama kile ungeweza kumtusi Malkia ukasamehewa, lakini si kugusa skrubu ya asili. Wakaazimia hivi: atakayepatikana na hatia hatakigusa kinanda kile tena maishani mwake.

Bingwa wa tano, aliyekuwa afunge msimu, alipopata habari alituma udhuru wa mafua. Hapo ndipo chama kilipomkumbuka Glenys, binti yake Wilf, ambaye miaka yote alikuwa akiomba nafasi na kuambiwa asubiri apevuke kwanza. Alikuwa na miaka thelathini na mbili.

"Wewe utalinda humu, mzee," Entwistle alimwambia Wilf kabla ya tamasha. "Unakijua chumba hiki kuliko unavyomjua mkeo."

"Mke wangu hana vumbi namna hii."

"Sitanii. Nakufungia kwa nje, ufunguo nakaa nao mimi. Honi ikilia na wewe umo..."

"Itakuwa ni mimi au panya."

"Panya hana mkono wa kuminya mpira."

"Funga, Cuthbert," Wilf akasema. "Funga mara mbili."

Tangu astaafu reli, maisha yake yalikuwa chumba hicho. Kila kipande cha ngozi kilichozuia upepo usivuje alikibandika yeye, na gundi ilikuwa haimtoki kuchani hata Krismasi.

Ufunguo haujazungushwa, Glenys akachungulia mlangoni, viatu vya kupigia mkononi.

"Baba, usije ukalala humo."

"Wewe piga. Mimi nitahakikisha pako kimya."

"Umeona watu lakini? Mpaka ngazini wamekaa."

"Wamekuja kukusikia wewe."

"Wamekuja kusikia honi, baba," akasema, akaenda zake.

Mlango ukafungwa. Meza ya kinanda ikapanda polepole kutoka shimoni mbele ya jukwaa, Glenys juu yake, mgongo kwa watu kama ilivyo desturi. Akaanza na wimbo wa gwaride uliotikisa filimbi hadi Wilf akaziba masikio. Akapiga dansi, akapiga za kuchekesha. Hakukosea hata mahali pamoja.

Kisha akafika kwenye wimbo wa buriani, ule wa mke anayebaki gatini, meli ikiondoka. Sauti ikashuka, ikawa uzi. Huko ukumbini watu waliacha kutafuna peremende. Hawakutoa leso. Walikuwa wameinamisha vichwa mbele, wote, wakingoja.

Wilf akasimama mbele ya honi. Akatia mikono kwapani, akaibana hadi ikamuuma.

"Si leo," akaiambia. "Nakuomba, si leo."

Glenys akainua vidole kutoka kwenye vibao, ile pumzi moja kabla ya ubeti wa mwisho. Kimya.

Mbele ya macho ya Wilf, kifuko cha ngozi kilichounganishwa na honi kikajikunja chenyewe.

Paaap.

Ilikuja barabara kwenye mdundo, na ubeti wa mwisho ukaidaka kama mpira. Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga miguu sakafuni, kofia zikaruka, bibi mmoja akalia kwa kicheko. Glenys aliendelea kupiga, mabega yakimcheza.

Ufunguo ukazunguka mara mbili. Entwistle aliingia, wajumbe wawili nyuma yake, akatazama pembe zote za chumba.

"Peke yako humu," akasema. "Niambie, mzee, nani mwingine? Maana kama si wewe, amebaki mtu mmoja tu, na huyo nitamfuata huko huko alikokaa."

Kupitia wavu, Wilf alimwona binti yake akiinama mbele ya watu, anakaa, anaitwa tena. Akachomoa mikono kwapani.

"Ni mimi," akasema. "Ya leo na zile nne. Zote mimi."

Entwistle akanyoosha mkono. Wilf akamkabidhi kisanduku chake cha vifaa, akatoka bila kugeuka nyuma.

Katika honi tano alizokiri, ya uongo ilikuwa moja tu.