Siku Badru Alipotolewa

Waliousanifu Mfumo unaoendesha mji wetu walitaka ubadilike kirahisi, kwa hiyo kila sehemu lazima iweze kutolewa bila nyingine kutikisika. Hupimwa pampu, hupimwa taa. Hata watu!

Leo ilikuwa zamu ya mume wangu, Badru. Walimchukua asubuhi. Nyumba ikiyumba mpaka magharibi, anarudishwa. Isipoyumba, anapelekwa anakohitajika zaidi, na sisi tunaletewa mwingine.

Basi nikaivuruga nyumba makusudi. Niliunguza wali, nikaacha bomba ambalo hulikaza yeye livuje, nikamwacha mtoto alie mpaka sauti ikamkauka. Jicho la Mfumo ukutani likawa jekundu. Nikashusha pumzi, nikaenda kuoga.

Nilipotoka, nyumba ilikuwa kimya. Mtoto amelala, bomba limekazwa, wali mpya unanukia nazi. Mama mkwe, mgeni wetu tangu jana, alikuwa anajifuta mikono kwa khanga. Hatukumwambia kuwa Badru anapimwa, tukihofia presha yake.

"Umechoka, mwanangu," alisema. "Nimeshaweka kila kitu sawa. Badru akirudi asikute vurugu."

Adhana ya magharibi ikaanza. Ukutani, jicho likageuka kijani.