Maji ya Kunawa Msibani

Siku ya pili baada ya kipindupindu kumuua mumewe, Sikudhani alisimama mlangoni na ndoo ya maji yenye dawa na kipande cha sabuni.

"Naomba mnawe kabla ya kula," aliwaambia waombolezaji. "Muuguzi amesema ugonjwa huu hupita mikononi."

Mbaruku, kaka wa marehemu, aliitazama ndoo, kisha akamtazama yeye.

"Shemeji, siku za ndugu yangu zilifika. Leo sisi ndio wachafu?"

Akampita. Wengine wakamfuata, wakaketi kuzunguka sinia la wali.

Mbaruku alifinyanga tonge, akamwita kwa upole binti wa marehemu, mwenye miaka minne.

"Njoo, mwanangu, ule na baba mkubwa."

Mtoto akakimbia, kinywa wazi.