Benchi la Wasikilizaji

"Simameni!" karani aliita, na watu wote mahakamani wakasimama, isipokuwa jaji mstaafu.

Hakukusudia. Kwa miaka mingi wito huo ulikuwa wa wengine. Yeye alikuwa akiingia wamekwisha kusimama. Leo aliketi kwa wasikilizaji kwa mara ya kwanza, na miguu yake haikujua la kufanya.

Mlango wa mbele ukafunguka, akaingia jaji mpya, binti ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kuandika hukumu. Karani, yule yule aliyekuwa akimvutia yeye kiti, akamvutia binti huyo, tena kwa tabasamu. Wivu ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Bibi, inuka, utafungwa bure," jirani yake alimnong'oneza. "Au miguu inauma?"

"Haiumi." Sasa alikuwa amekusudia. Asimame kwa ajili ya mtoto ambaye yeye ndiye alimfunza kazi?

Akangoja kusikia watu wakiketi. Kimya. Akainua macho.

Jaji mpya hakuwa ameketi. Alisimama mbele ya kiti chake akimtazama yeye, kisha akamwinamishia kichwa. Na kwa kuwa jaji hajaketi, hakuna aliyethubutu kuketi: si mawakili, si askari, wala mshtakiwa kizimbani. Mahakama nzima ilikuwa wima, na mtu mmoja tu ameketi.

Mwiba ulikuwa bado unachoma. Akashika ubao wa benchi la mbele.

"Nipe mkono, mwanangu," akamwambia jirani. "Yule mtoto atachoka kusimama."