Mishono ya Natalio

Perla aligeuka tena kutazama mlango wa ukumbi wa makaburini, kisha akamtazama mdogo wake kuanzia viatuni hadi kichwani.

"Natalio, hilo koti umeliokota wapi? Kola imeshonwa kama mdomo wa gunia."

"Linatosha, dada. Si litachanwa tu?"

Hiyo ndiyo ilikuwa akili ya Natalio, kuja kumzika baba yake na nguo ya kulimia bustani. Perla alivaa gauni jipya la hariri nyeusi, akijua vyema kwamba kwa desturi yao ya Kiyahudi mfiwa huchanwa nguo aliyovaa kabla jeneza halijatolewa. Na lichanwe. Kuna mtu mmoja ambaye Perla alitaka alione kwanza.

Mama yao. Zamani, walipokuwa wadogo, alivuka mto kwenda Montevideo na muuza vitambaa, akawaacha Buenos Aires na baba yao. Perla alipokua alipiga marufuku jina lake. Aliapa kwamba atakayelitaja mbele yake asimkanyagie nyumba tena, na Natalio, kwa uoga wake, hakuwahi kulitaja. Lakini leo mumewe anazikwa. Angekosaje kuja, hata kama ni kujiliza mbele ya watu? Perla alikuwa na maneno yake tayari, ameyanoa tangu usichana, na kiti cha mbele alikiacha wazi makusudi.

"Ulimpelekea habari, au umezembea kama kawaida yako?"

"Dada, tuyaache hayo leo."

"Atakuja. Yule hakosi mahali pa kujionyesha. Atakuja na kofia ya manyoya, utaona."

Natalio akainamisha kichwa. Perla akasonya. Tangu utotoni alikuwa hivyo hivyo, ukimsukuma anasogea.

Rabi akaja na kisu. Alianza na Perla, akatia ncha kwenye ukosi wa gauni, upande wa kushoto, kisha akamwachia amalizie kwa mikono yake. Hariri ikapasuka hadi usawa wa moyo.

"Kushoto ni kwa mzazi peke yake," rabi akamwambia. "Ungefiwa na mume au ndugu ningechana kulia, na baada ya mwezi ungelishona likawa zima. Hili halitengenezwi tena. Utalishikiza kwa mishono mikubwa tu, mpasuko uonekane."

Perla aliitikia bila kusikiliza. Mlango ulikuwa umelia. Akanyoosha shingo, kumbe ni jirani yao tu, anafuta miguu.

Rabi akamgeukia Natalio. Akainua kisu, akasita, akaishika kola ya lile koti kuukuu, upande wa kushoto, na kupitisha kidole juu ya uzi mnene.

"Nitachana pembeni," akasema taratibu. "Mpasuko wa mzazi mmoja hauongezwi juu ya wa mwingine."

Natalio alimgusa dada yake mkono.

"Perla," akasema, "acha kuangalia mlango."