Mlango Juu ya Mtaro

Siku hizo mlango wa nyumba yenye mwanafunzi ulikuwa haufunguki mpaka utangaze kwanza deni lake la masomo. Wa Bi Mashavu, muuza vitumbua, ulikuwa na mdomo kuliko yote mtaani.

"Tunu, Mipango Miji, mwaka wa pili," ulitangaza jioni ile, wageni walioleta posa wakiwa wamesimama barazani. "Kwa mshahara anaotarajiwa kupata, atamaliza kulipa akiwa na miaka sitini na minane. Abadili kozi."

Wageni wakatazamana, ghafla wakakumbuka kwamba wana safari.

Tunu akainamisha kichwa. "Mama, labda nibadili."

"Thubutu!" Bi Mashavu akaingia ndani, akatoka na bisibisi, akaung'oa mlango na kutundika pazia. "Haya, mpangaji miji. Hili domo tuliweke wapi?"

Tunu akautazama mtaro uliowatenga na soko tangu mvua zilipolisomba daraja. Akaupima kwa kamba, kisha wakaulaza mlango juu yake.

Asubuhi, kila aliyeukanyaga alitangaziwa deni la Tunu.

"Tumesikia," watu wakaujibu. "Tunavuka."