Miguu ya Kasika

Sapato za Kasika zilikataa kuingia miguuni. Alisukuma, akavuta, akacheka peke yake, akaziacha mlangoni. Siku hiyo watu wa santé, kituo cha afya, walikuwa wanapima wenye mimba na wanaonyonyesha, basi akaenda na mimba yake, miguu mitupu.

Katungu, mke wa kaka mkubwa wa bwana yake, alimfuata nyuma na mtoto mgongoni. Njia yote mpaka santé ya Vulamba macho yake hayakutoka kwenye ile miguu. Minene, inang'aa, kama ya bibi ya komersa, tajiri wa duka! Wivu ulimuuma.

Tangu vita vifunge njia ya mashamba, parcelle nzima, boma lote la ukoo, ilikula mara moja kwa siku. Wanaume walikula kwanza. Kilichobaki, mama mkwe alikigawa kwa mkono wake mwenyewe: kwa Katungu sombe kidogo ya majani ya muhogo na kipande cha samaki, kwa Kasika vilevile. Kila mmoja alibeba sahani kwake.

Haya, tegueni: chungu kimoja, wanawake wawili. Mmoja anabaki mifupa, mwingine ananona mpaka mashavu. Ni nini?

Katungu alikwisha kutegua zamani. Ni wizi! Hata Kyakimwa, binti yake wa miaka minne, kila jioni alirudi kutoka kwa Kasika mdomo unanuka samaki. Basi kule samaki ilikuwepo, tena ya kutosha mpaka ya kuchezea na watoto wa wengine. Na yeye Katungu maziwa yalikuwa yanakauka! Mtoto alinyonya, akalia, akanyonya tena hewa.

Walipofika mbele ya infirmière, muuguzi wa santé, unga wa soya wa kugawa ulibaki mfuko mmoja.

"Parcelle moja, mama moja," infirmière akasema. "Ni nani kati yenu?"

"Ni mimi!" Katungu akapita mbele. "Huyu mumuache. Anakula, lakini hapana mchezo! Muangalie mashavu. Muangalie miguu!"

Wanawake kwenye mstari wakacheka. "Ee, hiyo mimba inakaa kwa buchi ya nyama!" mmoja akarusha.

Kasika akainamisha kichwa. "Yaya Katungu anasema kweli. Mumupe yeye. Iko na mutoto wa kunyonyesha."

Katungu akaukumbatia ule mfuko. Siku nyingi hakuwa amesikia raha namna hiyo. Hata shukrani hakusema.

Infirmière hakuita mwingine. Alichuchumaa mbele ya Kasika, akakandamiza kidole gumba kwenye mguu wake, akangoja kidogo, akakitoa. Shimo likabaki palepale, halijai.

Infirmière akainua macho, akamtazama Katungu.

"Hii hapana mafuta, mama. Ni njaa. Sasa chakula ya huyu, nani anaikulaka?"