Isale la Evaline

Evaline alikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, shamba lao la migomba, akalipiga fundo na kulifuta umande kwa upindo wa kanga. Mama yake alisimama mlangoni na ufagio mkononi, haamini macho yake. Ni Alhamisi tu binti huyu aliapa kwamba Vedastus hatamwona akiinama mbele yake, labda awe ameangusha kitu.

"Kwa hiyo unakwenda kumwomba radhi?"

"Nakwenda, mama."

Mama alimshukuru Mungu. Pale Marangu hata mtoto anajua kwamba anayekuja na isale harudishwi. Awe amekuchomea nyumba, akikuletea jani hilo unalipokea, na neno linaishia hapo.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mchezo wa simu. Evaline, Vedastus mtoto wa baba yake mkubwa, na rafiki yao Kalisti walikuwa na ofisi ya kutengeneza michezo, chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa la Mama Avni, Kiboriloni. Kompyuta za kwanza Vedastus alizinunua Tarakea, kuukuu, na kwa kuwa zilikuwa zake, usajili wa ofisi nao ukaandikwa kwa jina lake. Wakati ule nani alijali? Benki iliwacheka. Ndugu waliwauliza watatafuta kazi lini. Umeme ulikatika kila walipokaribia kumaliza jambo la maana, nao wakaendelea kuchora kwa penseli mpaka urudi.

Baada ya miaka ya kuchekwa, wakatengeneza *Zamu*. Mchezaji ana kihamba chake mlimani, na maji ya mfongo, ule mfereji wa wazee, yanapita kwa kila nyumba kwa zamu. Ukikwepa msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji, maji hupati. Ukiiba zamu ya jirani, migomba ya walio chini yako inakauka huku unaiona. Watoto wa Kiboriloni waliujaribu, wakagombana hadi mama zao wakaja kulalamika ofisini. Evaline hajawahi kufurahi kama siku ile.

Ndipo ikaja kampuni kutoka Dar. Iliupenda mchezo, ila ilitaka asiyeweza kusubiri zamu anunue maji kwa hela ya simu. Tena iliutaka ukiwa mpya, usiopatikana kwa mtu mwingine yeyote. Vedastus alizunguka nyumba kwa nyumba akiufuta kwenye simu za watoto, mmoja baada ya mwingine, na wengine wakilia.

Evaline na Kalisti walikataa. Vedastus akawaonyesha usajili, akasema atasaini Jumatatu, wapende wasipende.

"Si maji ya kweli, Eva," alimwambia Alhamisi ile, mbele ya wageni wa kampuni.

"Maji ya mfongo hayajawahi kuuzwa. Hatutaanza sisi." Kisha hasira ikampanda, akaongeza kwamba Vedastus angeuza hata kaburi la babu kama angepata mteja.

Neno hilo lilifika Marangu kabla yao. Ukoo mzima ulisema Evaline amevuka mpaka.

Sasa ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Mama na binti walipanda kijinjia cha kati ya migomba hadi kwa baba mkubwa Eliufoo, baba yake Vedastus. Kalisti hakuja. Alikuwa amejifungia ofisini tangu jana, na mama alidhani amesusa kwa kuona mwenzake amesalimu amri. Hakumlaumu sana kijana wa watu.

Walipofika kwenye uzio, Evaline alisimama, akatoa simu, akaitazama. Alisimama hivyo mpaka mama akachoka.

"Unaogopa?"

"Namsubiri Kalisti aniambie neno moja."

Simu ikatetemeka. Evaline akasoma, akaizima, akaingia.

Ndugu walikuwa wamekaa uani na mbege, pombe ya ndizi. Evaline aliwaamkia wakubwa shikamoo, akapiga magoti mbele ya Vedastus na kumnyooshea isale kwa mikono miwili.

Vedastus alikuwa na haki ya kulipokea kimya, lakini utamu wa ushindi ulimzidi. "Unaniomba radhi kwa lipi? Sema, wazee wasikie."

"Kwa yote niliyokukosea, kaka, mpaka dakika hii ninapoongea."

"Na lile la kaburi?"

"Na hilo."

Vedastus aliwatazama ndugu mmoja mmoja, ahakikishe kila mtu ameona. Kisha akalipokea. "Nimekusamehe yote, Eva. Sina neno nawe."

Baba mkubwa Eliufoo alikunywa funda la mbege, akampa mwanawe kata, naye akanywa akampa Evaline. "Limepokelewa," mzee alisema. "Atakayelifufua neno hili, asinihesabu mimi kuwa baba yake."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama akajifuta machozi. Evaline aliinuka, akapangusa vumbi magotini, akakaa kwenye kigoda akiwa ameshika kata yake vizuri.

Simu ya Vedastus ikaita. Alisikiliza, akasema hapana, haiwezekani, akasema hapana tena. Kisha akabaki anaitazama simu iliyokuwa imeshakatwa.

"Watu wa Dar," alisema. "Wanasema *Zamu* iko mtandaoni, yote, bure kwa yeyote anayeitaka. Wanasema kesho nisijisumbue." Akamgeukia Evaline, isale likiwa bado mkononi. "Eva. Umefanya nini?"

Evaline alimaliza funda lake kwanza.

"Hicho ulichonisamehe, kaka."